UZI: Chakula cha samaki wa kufuga, piga hesabu kwa kilo ya samaki usipige kwa bei ya mfuko, na dagaa wabaki kuwa chakula cha watu

Fundi Bwawa

Wakuu habari zenu. Kila wiki naona humu mtu anauliza chakula gani cha sato ni cha bei nafuu, anajibiwa changanya pumba na dagaa, basi, uzi unafungwa. Jibu hilo linawarudisha watu nyuma, ndo maana nimeamua kuandika kirefu. Mi nafuga sato na kambale huku Morogoro na nachanganyia chakula wafugaji wengine, kwahiyo haya ninayoandika ndo kazi yangu ya kila siku.

Tuanze na hela maana ndo inayouma. Kwenye ufugaji wa samaki chakula peke yake kinakula kati ya asilimia 50 na 70 ya gharama zote. Kuchimba bwawa unachimba mara moja, vifaranga unanunua mara moja kwa msimu, ila chakula ni asubuhi na jioni mpaka unavuna. Sasa mtu anaingia dukani anaona mfuko mmoja kilo ni 2,000 na mwingine kilo ni 3,000 (hizi bei ni mfano tu, zinapanda na kushuka), anabeba wa 2,000 anaona ameokoa. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili, nikitaka kupata kilo moja ya samaki natumia kilo ngapi za chakula chako? Hiyo ndo wataalamu wanaita FCR. Chakula kizuri kinachoelea kwa sato kinakupa kama 1.3 mpaka 1.6 ukilisha kwa akili. Chakula kibovu kinaenda 2.5 na zaidi. Piga hesabu hapo, cha 2,000 mara 2.5 ni shilingi 5,000 kwa kila kilo ya samaki, cha 3,000 mara 1.4 ni 4,200. Aliyenunua rahisi amelipa zaidi, alafu samaki wake wamechelewa miezi kadhaa na maji yameoza kwasababu kile ambacho hakikugeuka nyama kimebaki bwawani kama uchafu.

Kwanini kimoja kinafanya hivo na kingine hivi? Protini, lakini sio protini tu. Kifaranga cha sato kikiwa kidogo kabisa kinataka chakula chenye protini asilimia 40 mpaka 45, akifika gramu 20 au 30 unashuka kwenye 35, akishakuwa wa gramu 100 kwenda juu 28 mpaka 32 inamtosha. Kambale yuko juu zaidi, hata mkubwa anataka 35 mpaka 40. Pumba za mahindi zina kama 10 au 11 tu, kwahiyo anayelisha pumba tupu kwenye maji meupe (yasiyo na kijani cha mwani) anawashibisha samaki bila kuwakuza. Ila hata ukifika 30 bado unaulizwa hiyo protini imetoka wapi. Samaki anahitaji amino asidi 10 ambazo mwili wake hauwezi kuzitengeneza, na zinazokosekana mara nyingi kwenye mchanganyiko wetu ni laisini na methionini. Mahindi hayana laisini ya kutosha, soya ina laisini nzuri ila methionini ni haba, alizeti ina methionini ila laisini haitoshi. Ndo maana soya na alizeti wakiwa pamoja wanakwenda vizuri kuliko kila mmoja peke yake. Ukimpa samaki amino asidi zote kwa wingi ila moja ikapungua, anakua kwa kipimo cha ile iliyopungua, zinazozidi zinapotea bure.

Sasa dagaa. Hapa najua ntabishana na wengi. Dagaa wa Ziwa Victoria (majirani Kenya wanawaita omena, Uganda mukene) ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaotoka ziwa lile, na ndo kitoweo cha mtu ambaye sato na sangara vimemshinda bei. Wana protini, wana madini ya mifupa kwa sababu wanaliwa wazima, wana zinki, wana omega-3. Mtoto mdogo akila dagaa anapata vitu vingi vya muhimu kwa kukua. Sisi tunawachukua haohao, tunawasaga, tunawapa kuku na samaki ili tupate sato ambaye yule mama wa mtoto hawezi kumnunua. Na kila viwanda vya chakula cha mifugo vinavyoongezeka bei ya dagaa sokoni inapanda. Siwezi kuliona hilo nikanyamaza.

Na hata kibiashara ni hatari kutegemea unga wa samaki. Mwaka 2023 Peru ambayo ndo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani ilifuta msimu wa kwanza wa kuvua anchoveta kwenye ukanda wake mkuu, bahari ilipata joto la El Niño na samaki waliokuwepo wengi walikuwa wachanga, bei ya unga wa samaki dunia nzima ikapaa. Alafu kumbuka FAO wametoa takwimu kwamba mwaka 2022 kwa mara ya kwanza wanyama wa majini waliofugwa, tani milioni 94.4, wamewazidi waliovuliwa. Wote hao wanaofugwa tukisema walishwe samaki wa kuvuliwa, bahari na maziwa yatatoa wapi?

Sato kwa asili sio mla nyama. Tumbo lake lina asidi kali na utumbo mrefu, ameumbiwa kula mwani wa kwenye maji na majani. Kwahiyo kumlisha dagaa kilo kwa kilo ni hasara ambayo haina sababu.

Mchanganyiko ninaotumia kwa sato waliovuka gramu 100, kwa kilo 100: mashudu ya soya 35, funza wakavu wa BSF (black soldier fly, yaani nzi mweusi anayefugwa kwa ajili ya chakula cha mifugo) 15, mashudu ya alizeti 15, pumba za mahindi 25, unga wa muhogo 8 kwa ajili ya kushika, premix ya vitamini na madini 2. Ukipiga inakuja kama asilimia 29 ya protini. Kama funza hujapata weka dagaa 12 na pumba uongeze ziwe 28, unabaki palepale. Ila naomba dagaa iwe ni daraja la kuvukia tu.

Karibuni kwa maswali.

---

Ngosha wa Busega

Mkuu uzi mzuri sana. Ila kwenye dagaa naomba nikupinge kidogo, hawa dagaa wanaoenda kwenye chakula cha kuku na samaki ni wale wa mchangani, walionyeshewa au walioharibika, binadamu hawali. Sasa watupwe? Pili huku kwetu mashudu ya pamba ni ya kumwaga, kwanini hujayataja kabisa?

---

Fundi Bwawa

Mkuu asante, hoja yako ya dagaa ni ya msingi na ndo inayosemwa kila mahali. Jiulize wameharibikaje. Wameanikwa chini mchangani msimu wa mvua. Dagaa haohao wakianikwa kwenye vichanja vya nyavu wanakauka haraka, hawana mchanga, wanalika na watu na bei yake ni nzuri kwa mchakataji, ambao wengi wao ni akina mama. Kwahiyo tukiona soko la chakula cha mifugo linapokea dagaa wabovu bila shida, yule anayeanika anakosa sababu ya kujenga kichanja. Na wewe mfugaji ndo unanunua mchanga kwa bei ya dagaa. Chukua kopo la maji, mwaga dagaa waliosagwa, koroga uache kidogo, kinachokwenda kukaa chini kikwaruze kwa kidole utajua umelipia nini.

Mashudu ya pamba sijayasahau. Yana protini nzuri, hasa yale yaliyotolewa maganda, na kanda ya ziwa huko ni bei poa. Tatizo yana sumu ya asili inaitwa gosipoli, ikizidi samaki wanadumaa na uzazi unaharibika. Kwa sato wa kukuza kwenda sokoni weka yasizidi kilo 10 mpaka 15 kwenye kila 100, na usiwape kabisa wazazi wa mbegu. Alafu laisini yake ni ndogo, kwahiyo punguza alizeti usipunguze soya.

---

mama_vifaranga

Kaka samahani, mimi soya nanunua nzima mbichi kwa wakulima nasaga mwenyewe maana mashudu huku Songea siyapati kirahisi. Samaki wanakula vizuri tu lakini hawakui, nimebadilisha mpaka mbegu. Shida inaweza kuwa nini?

---

Fundi Bwawa

Dada shida iko kwenye neno mbichi. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo lisimeng'enye protini, samaki anakula anashiba, protini inapita tu. Lazima ipate moto. Chemsha kama nusu saa toka ianze kutokota kisha uanike ikauke ndo usage, au kaanga kwenye sufuria pana huku unageuza mpaka inukie na ganda lianze kupasuka. Usiiunguze ikawa nyeusi maana moto ukizidi laisini inaharibika na unarudi palepale kwa njia nyingine. Na soya nzima ina mafuta karibu asilimia 20 tofauti na mashudu yaliyokamuliwa, kwahiyo protini yake ni kama 36 au 38, ongeza kiasi kidogo na ukaushe vizuri, chakula chenye mafuta mengi kinachacha haraka.

Songea kuna baridi pia. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 sato anakula kidogo sana hata ungempa chakula cha ulaya, anapenda 26 mpaka 30. Miezi ya Juni na Julai punguza chakula, lisha mchana jua likishapasha maji, usilishe kwa mazoea.

---

Otieno K

Nasoma kutoka Siaya, Kenya. Hii story ya feed ndio iliua fish ponds nyingi huku. Mwaka wa 2009 serikali ilikuja na ile stimulus programme, mabwawa 200 kila constituency, constituencies 140, watu walichimbiwa ponds wakapewa fingerlings na feed ya kwanza. Feed ya bure ikaisha, ya duka ikawa ghali, ponds nyingi zikabaki za vyura. Saa hii wale wakubwa wako na cages kwa ziwa na feed nyingi inatoka nje. Swali langu ni hizi BSF, hapa Kenya kuna standard ya wadudu wakavu kwa animal feed toka 2017 na icipe (kile kituo cha utafiti wa wadudu) wamefanya utafiti mwingi, lakini mkulima mdogo ataweza kweli? Na sisi tuko na ochonga pia, wale uduvi wadogo wa ziwa, feed nyingi ya hapa inategemea hao.

---

Fundi Bwawa

Ndugu Otieno umesema jambo kubwa, mradi ulihesabu mabwawa haukuhesabu midomo itakula nini mwaka wa pili. Ochonga nawaweka fungu moja na dagaa, ni chakula kizuri mno ila kinatoka ziwani humohumo, na hao uduvi ndo wanaliwa na sangara wadogo. Tukiwamaliza tumeingia jikoni kwa samaki wa porini.

BSF mkulima mdogo anaweza, na wapo wanaofanya. Ni yule nzi mweusi mrefu anayefanana na nyigu, wala sio huyu wa chooni. Akishakuwa mkubwa hali chochote, kazi yake ni kupandana na kutaga afe, kwahiyo hatui kwenye chakula cha watu kuleta magonjwa. Kinachokula ni funza, na anakula kweli, mabaki ya sokoni, maganda ya matunda, machicha ya pombe, chakula cha mahotelini. Wiki mbili hivi toka yai limeanguliwa unavuna. Wakikaushwa wana protini kama 40 mpaka 45 na mafuta kama 30. Kinachobaki chini ni mbolea.

Wapi watu wanakwama? Kwanza wanawapa mabaki yenye maji mengi, funza wanakimbia na harufu inaleta ugomvi na majirani, changanya na pumba au machicha makavu ishikamane mkononi bila kudondosha maji. Pili mayai, nzi wakubwa wanataka jua la kweli ili wapandane, ukiwafungia kizani hutapata mayai utabaki kununua. Tatu yale mafuta, ukiweka funza wengi kwenye mchanganyiko bila kukamua punje hazishikamani na chakula kinachacha. Ndo maana mi naishia 15 kwa 100. Na funza hana omega-3 ya maana, sato anavumilia kwasababu anaipata kwenye maji ya kijani, ila samaki wa tenki tupu wanahitaji mafuta kutoka sehemu nyingine.

---

kijana_wa_vizimba

Mkuu unasema maji ya kijani, sisi wa vizimba vya nyavu ziwani huku Mwanza hatuna habari hizo. Kwetu formula ya nyumbani inafaa? Maana mifuko ya nje imepanda sana.

---

Fundi Bwawa

Hapana, na nakushauri kama ndugu. Kizimba na bwawa ni kazi mbili tofauti. Kwenye bwawa la udongo lenye samaki wawili au watatu kwa mita ya mraba, ukirutubisha kwa samadi kidogo kidogo maji yanakuwa ya kijani na hicho kijani ni chakula. Kipimo rahisi ni kuzamisha mkono umenyooka, maji yakifika kiwiko kiganja kikapotea machoni hapo pamekaa sawa, kisipoonekana mapema zaidi acha samadi kwanza. Vitamini na omega anazipata humo, chakula unachompa ni cha kuongezea, hata kikipungukiwa kitu bwawa linafidia.

Kizimbani samaki ni wengi kwenye nafasi ndogo, wanakula ulichomwaga tu. Kwahiyo chakula lazima kiwe kamili, vitamini C iwemo (ikikosekana utaona migongo imepinda), fosforasi iwe ya kupatikana kirahisi maana iliyoko kwenye pumba na mashudu imefungwa na samaki hana uwezo wa kuifungua. Na kiwe kinaelea. Punje ya nyumbani iliyotoka kwenye mashine ya kusaga nyama inazama, bwawani samaki anaifuata chini, kizimbani inapita kwenye nyavu inaenda kuwa mbolea ya gugu maji. Unalipa wewe na ziwa linalipa. Kinachoelea kinatengenezwa kwa mashine inayokipika kwa mvuke na mgandamizo wanga unavimba, hiyo ungeni mkiwa kikundi, mmoja peke yake mtaji hautoshi. Mpaka hapo nunua kilichokamilika, okoa kwenye namna ya kulisha. Mwaga kidogo kidogo ukiwatazama, wakipunguza kasi acha, usiwashindilie. Pima uzito wa samaki kadhaa kila wiki mbili urekebishe, wadogo wanakula asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wao kwa siku, wa gramu 100 kama 3, wakubwa 2 au chini ya hapo. Alfajiri usilishe, hewa kwenye maji iko chini, subiri saa tatu au nne asubuhi.

---

Bi Mkubwa wa Fumba

Assalaam alaykum. Huku kwetu Unguja tuna mwatiko, tuna kaa koko, wanawake wana chaza. Mbona hamututaji nyie watu wa maji baridi?

---

Fundi Bwawa

Waalaykum salaam mama yangu, shikamoo. Kusema kweli nyie ndo mko mbele kwenye hili. Chaza hahitaji mfuko hata mmoja, anachuja maji ya bahari anakula vijimea, na maji yanabaki safi zaidi. Mwani mnalima toka 1989 huko Paje na Jambiani bila kumwaga chakula. Jongoo bahari anakula masalia ya kwenye mchanga. Na mwatiko kwenye bwawa la kina kifupi linalopigwa jua anakula ule utando wa mwani unaoota chini, cha kuongezea ni kidogo.

Kaa ndo mwenye shida. Kunenepesha kaa kunataka nyama, wengi wanatumia matumbo na vichwa vya samaki na konokono wa mikoko, hapo naomba mabaki ya sokoni yatangulie, samaki wadogo wazima wasigeuzwe chambo cha kaa wakati kuna watu wanawala. Mpe jioni maana anakula usiku, na asubuhi toa mabaki. Akiwa na njaa anamla mwenzake aliyejivua gamba, kwahiyo kila mmoja na chumba chake.

---

Bi Mkubwa wa Fumba

Marahaba mwanangu. Mabaki ya samaki tunapata soko la Malindi hapa Unguja, tatizo yanafika yashaanza kunuka.

---

Fundi Bwawa

Yaliyonuka usiyaweke majini mama, yanaua maji haraka. Yakiwa bado mabichi kata vipande, paka chumvi uanike siku hiyohiyo, ukitaka kutumia loweka chumvi itoke. Au kubaliana na mchuuzi mmoja akuwekee kwenye barafu mapema umlipe kidogo juu.

---

mama_vifaranga

Kaka asante sana, soya naanza kuchemsha wiki hii. Swali la mwisho, nikishachanganya nitunze muda gani? Nina stoo ya bati.

---

Fundi Bwawa

Changanya cha wiki tatu au mwezi, usizidishe. Stoo ya bati ina joto, vitamini C inakufa na mafuta yanachacha. Punje anika kivulini penye upepo mpaka ikikatwa inavunjika kwa sauti, ikipinda bado ina maji. Magunia weka juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kingine ambacho siwezi kukiacha ni sumukuvu. Mahindi, mashudu ya alizeti na ya karanga yakipata unyevu yanaota ukungu unaotoa sumu, ndo ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Samaki inamla ini polepole, hakui, anakufa mmojammoja bila kuonyesha kidonda. Kuchemsha na kukaanga hakuiondoi. Kwahiyo ukifungua gunia la pumba ukakuta mabonge, harufu ya ukungu au rangi ya kijani, usichanganye na jipya ili lisionekane na usiwape kuku pia. Lirudishe kwa aliyekuuzia, na kama alikuuzia kwa makusudi basi kesho tafuta muuzaji mwingine. Ukinunua soya weka pembeni kiganja kimoja kutoka kila gunia kabla hujachemsha, andika tarehe, samaki wakileta shida utajua gunia lipi la kulifuatilia.